Sitara ni ya Nani?

Watu wa mwambao na visiwani tuna neno moja lisilokauka vinywani mwetu, nalo ni sitara. Nguo ni sitara ya mwili, ukuta ni sitara ya nyumba, ndoa ni sitara ya wawili, na kaburi ni sitara ya mwisho. Mtu akitaka kumwombea mwenzake dua fupi isiyo na mapambo humwambia, "Mungu akusitiri," na anayeambiwa huitikia amina bila ya kuuliza asitiriwe na nini. Neno hili limetulea. Limetufundisha kwamba si kila lililomo ndani litoke nje, kwamba siri ya mtungi aijuaye kata, na kwamba jirani mwema ni yule anayesikia kilio usiku na asubuhi akapita na salamu zake kana kwamba hakusikia kitu.

Hilo la jirani ndilo lililonifanya nishike kalamu. Nataka kuuliza, kwa adabu zote zinazostahiki, sitara ya nyumba ni ya nani? Je, ni ya wote waliomo, au ni ya mwenye nyumba peke yake? Na binti aliyeumizwa ndani ya nyumba hiyo, akitaka kujijua yeye ni nani baada ya maumivu, anayo haki ya kulifunua pazia, au akifanya hivyo atakuwa amewavua nguo wazee wake hadharani?

Swali hili sikulipata katika baraza za kwetu. Nimelipata mbali na bahari, mjini Kahama, nilikofundisha Kiswahili katika skuli moja ya sekondari mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kahama wakati ule ulikuwa mji wa vumbi na haraka. Malori yaliyotoka stesheni ya Isaka yalipita humo usiku na mchana yakielekea Rwanda na Burundi. Magunia ya mpunga na pamba yalipangwa kando ya barabara. Na upande wa kaskazini, Bulyanhulu, mgodi mkubwa ulikuwa umeanza kutoa dhahabu mwaka 2001. Kabla ya hapo palikuwa na wachimbaji wadogo kwa maelfu, watu wa maduara na makarasha, waliolala katika vibanda vya maturubai na kuota utajiri. Mwezi wa Agosti 1996 waliondolewa kwa amri ya serikali. Wako waliosema kwamba wenzao walifukiwa mashimoni siku zile. Serikali na kampuni zikakana. Na mabishano hayo yakaendelea kwa miaka mingi. Nilipofika mimi, watu wa Kahama walikuwa wamejifunza kuyazungumza mambo hayo kwa sauti ya chini. Mgeni akiuliza, huelezwa habari za mvua.

Wanafunzi wangu wengi walikuwa Wasukuma, Wanyamwezi na Wasumbwa, watoto wa wakulima, wa wafanyabiashara na wa wachimbaji. Kiswahili chao kilikuwa kikavu kidogo masikioni mwangu, na changu kilikuwa kichekesho masikioni mwao. Wakiniita "mwalimu wa pwani". Mimi nikidhani nimewapelekea lugha.

Katika mzigo wangu nilikuwa na nakala moja kuukuu ya *Rosa Mistika*, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971. Wapenzi wa mashairi wa kwetu wanamkumbuka Kezilahabi kwa ule ugomvi wa vina na mizani, alipotoa *Kichomi* mwaka 1974 na kuandika mashairi yasiyofuata kamba ya arudhi. Wako waliomkasirikia hadi alipofariki, mwezi wa Januari 2020. Lakini kabla ya kuwaudhi washairi alikuwa amekwisha kuwaudhi wazazi. *Rosa Mistika* ilizuiliwa maskulini kwa muda, kwa kuwa ilisema waziwazi mambo ya wasichana, wanaume na walimu ambayo watu wazima walikuwa wakiyajua na hawayasemi. Kwa maneno mengine, ilishtakiwa kwa kuvunja sitara.

Kwa msomaji ambaye hakuisoma au ameisahau, nitaieleza kwa ufupi. Rosa ni binti wa Zakaria na Regina, wa Namagondo katika kisiwa cha Ukerewe, kijiji alikozaliwa mwandishi mwenyewe. Zakaria ni mlevi. Kwa binti zake amekuwa mlinzi mkali ajabu, ingawa kwa mkewe si mlinzi wa chochote. Rosa akiwa bado msichana mdogo anapata barua kutoka kwa kijana Charles; baba anaigundua, na kipigo kinachofuata kinabaki katika mwili wa Rosa katika kitabu kizima. Tangu hapo anawaogopa wanaume kama moto. Kisha anakwenda skuli ya bweni Mwanza, na baadaye chuo cha ualimu Morogoro, na huko mlango uliokuwa umefungwa kwa nje unafunguka kwa kishindo. Anapita mikononi mwa wanaume wengi, wakiwemo waliopaswa kumlea. Anatoa mimba. Hatimaye anatulia, anakuwa mwalimu, anataka kuanza upya, na Charles yule wa barua anarudi kumposa. Charles anapogundua kwamba Rosa si mwanamwari anamwacha, na Rosa anajiua. Mwandishi haishii hapo: baada ya kifo, baba na binti wanasimama mbele ya Mungu, kila mmoja akimlaumu mwenzake.

Nilikuwa nikiwasomea kitabu hicho wanafunzi wa kidato cha tatu siku za Jumatano baada ya vipindi, kwa kuwa nakala ilikuwa moja na wao walikuwa wengi. Tulipofika kwenye ile hukumu, darasa liligawanyika. Wavulana karibu wote walisema kosa ni la Rosa: alikwenda skuli, alifunguka macho, alikuwa na akili zake, hakuna aliyemshika mkono. Wasichana wengi walisema kosa ni la Zakaria, na walikuwa na methali tayari, kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nami, mwalimu wao, nikawaambia kwa ulimi mtamu wa pwani kwamba pande zote mbili zina haki, jambo ambalo walimu husema saa inapokaribia kwisha.

Lakini nikilifikiri leo, naona kwamba kila upande ulikuwa umemnyima Rosa kitu kimoja kilekile. Wanaosema kosa ni lake wanampa mzigo wa mtu mzima bila ya kumpa njia ya kuufikia utu uzima huo. Wanaosema kosa ni la baba wanampokonya hata hilo kosa lake. Wanamfanya chungu kilichofinyangwa vibaya, ambacho ufa wake ni wa mfinyanzi. Mtu ambaye kila alichokitenda ni matokeo ya alichotendewa ana historia, lakini nafsi hana. Na ajabu ya riwaya ile ni kwamba Rosa hapati hata siku moja ya kujitazama kwa macho yake mwenyewe. Kwanza anatazamwa na jicho la baba, linalokataza. Kisha anatazamwa na macho ya wanaume, yanayotamani. Mwisho anatazamwa na jicho la Charles, linalokagua. Macho matatu, na hakuna hata moja ambalo ni lake. Alipokuwa mwalimu alikaribia. Pale palikuwa na mwanzo wa mtu. Kilichomuua ni kwamba mwanzo ule haukuwa na shahidi: hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa amemwambia yote, akasikilizwa, akabaki ameheshimiwa.

Hapa inafaa tulitazame neno lenyewe. Kiswahili kinatenganisha kujijua na kujitambua. Kujijua ni jambo la ndani: najijua kwamba nina njaa, najijua kwamba naogopa. Kutambua ni jingine. Tunamtambua mtu tuliyewahi kumjua, akitujia katika giza, tunatambua maiti, serikali inatambua nchi mpya, mzazi anamtambua mtoto aliyekuwa akimkana. Katika kutambua daima mna kukiri, na kukiri kunataka wawili. Basi kujitambua, kwa jinsi lugha yetu ilivyolijenga neno, ni kujikiri mbele ya nafsi yako kama vile ungemkiri mtu mwingine: ndiye huyu, ndivyo alivyo, hayo yalimpata, na bado ni mtu. Ni vigumu sana kulifanya hilo ukiwa peke yako, kwa sababu ileile inayomfanya kinyozi asijinyoe. Wahenga wanaposema mtu ni watu, tunadhani wanatuhimiza kusaidiana katika harusi na mazishi. Nadhani wanasema zaidi ya hapo. Wanasema kwamba hata ule umoja wa ndani, ule "mimi" ninaojivunia, niliupokea kutoka kwa watu waliokubali kuniona.

Nirudi Kahama. Baada ya kumaliza kitabu niliwapa zoezi la insha: eleza maisha ya Rosa kwa maneno yako mwenyewe. Insha zilikuwa za kawaida, ila moja. Iliandikwa na msichana mkimya aliyekaa karibu na dirisha, ambaye sitamtaja kwa jina. Rosa wa insha yake hakukaa Ukerewe. Alikaa mahali ambapo baba yake alichimba katika duara, na duara likachukuliwa, na baba akarudi nyumbani na mikono mitupu na chupa. Rosa huyo alikuwa na mama ambaye usiku hutoka kwenda kulala kwa jirani, na jirani akawa amechoka. Zizini palikuwa na ng'ombe wageni waliokuja kwa mafungu, na Rosa alikuwa akiwahesabu kila asubuhi kabla ya kwenda skuli. Insha ilikwisha bila ya mwisho. Rosa alikuwa bado anahesabu.

Nilichukua kalamu nyekundu nikaandika pembeni: "Haya hayamo kitabuni. Soma swali." Nikampa alama chache, nikamsahihishia nafasi mbili za upatanisho wa kisarufi, nikamrudishia daftari. Alilipokea kwa mikono miwili, kama adabu ya kwao ilivyo. Baada ya likizo hakurudi. Mwenzake aliponiambia kwamba ameolewa, alinieleza kwa sauti ya chini, kama wanavyozungumza huko juu ya mashimo.

Nimeishi na jambo hilo muda mrefu. Sisemi kwamba ningeweza kuwarudisha wale ng'ombe. Mwalimu mgeni wa lugha ana nguvu ndogo mbele ya zizi. Mwaka 2010, utafiti wa taifa wa demografia na afya ulionesha kwamba katika mkoa wa Shinyanga, ambao Kahama imo, wanawake 59 katika kila 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Hakuna mkoa uliozidi huo. Sheria nayo ilikuwa upande wa zizi. Sheria ya Ndoa ya Tanzania Bara, iliyopitishwa mwaka 1971, mwaka uleule ilipotoka *Rosa Mistika*, ilimruhusu mvulana kuoa akiwa na miaka 18, na msichana kuolewa akiwa na 15 kwa idhini ya mzazi. Ilichukua miaka 45 hadi mwanasheria kijana, Rebeca Gyumi, alipokwenda Mahakama Kuu, na mwaka 2016 mahakama ikasema vifungu hivyo ni kinyume cha Katiba. Serikali ikakata rufaa, na mwezi wa Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikashikilia uamuzi uleule. Tazama neno "idhini" katika vifungu vile. Idhini iliyotakiwa ilikuwa ya baba. Na ikiwa baba hayupo, ya mama. Na ikiwa hayupo mama, ya mlezi. Aliyekuwa anaolewa alikuwa wa mwisho kuulizwa.

Na wala tusijitie kiburi sisi wa visiwani, tukasema hayo ni mambo ya bara. Hapa Zanzibar, kwa sheria ya mwaka 1985, msichana aliyepata mimba bila ya ndoa aliweza kufungwa gerezani. Ni mwaka 2005 tu ndipo kifungo kilipobadilishwa kuwa kazi ya kutumikia jamii. Sitara tuliyoijenga ilikuwa na mlango mmoja, na mlango huo ulimfungukia binti kwa kumtoa nje.

Usukumani kuna desturi ya zamani ambayo wanafunzi wangu walinisimulia huku wakicheka, iitwayo chagulaga. Maana yake ni "chagua". Vijana humzunguka msichana njiani, sokoni au ngomani, wakamtaka achague mmoja wao, wala hawampi nafasi ya kupita mpaka ataje. Jina la desturi ni la uhuru mtupu: chagua! Ila katika yale ya kuchaguliwa, kukataa hakumo. Nimeona kwamba mfano huu unatosha kufundishia nusu ya falsafa ya maadili. Mtu anaweza kupewa uchaguzi mwingi na bado asiwe na hiari, ikiwa yale yaliyowekwa mbele yake yamepangwa na wengine. Rosa alichagua wanaume wengi Morogoro. Binti wa karibu na dirisha, kwa hakika, naye aliulizwa kama anamtaka mume yule, na bila ya shaka alijibu ndiyo.

Waandishi wetu wa visiwani nao wamelikabili swali hili, na wamelikabili kwa ujasiri. Said Ahmed Mohamed, mtu wa Pemba, katika *Utengano* ya mwaka 1980, ametuletea Maimuna, binti wa Bwana Maksuudi, aliyewekwa ndani kama mali ya thamani. Nje, Maksuudi ni mtu wa heshima na mapesa. Ndani, ni jabari. Siku anapompiga mkewe Tamima na kumtaliki kwa sababu ya mkunga aliyeitwa bila ya ruhusa yake, Maimuna anaona kwamba kuta zilizokuwa zikimsitiri zilikuwa zikimsitiri baba. Anatoroka. Na anapotoroka anaangukia kwa Mama Jeni, katika nyumba ya ulevi na uasherati, kwa kuwa mtu aliyefungiwa maisha yake yote hawezi kuijua njia ya nje isipokuwa ile inayoteremka.

Wengi husoma riwaya hii kama onyo kwa mabinti: mnaona yanayowapata wanaotoka? Mimi naisoma kinyume. Kutoka kwa Maimuna hakukuwa bado kujitambua. Kulikuwa ni kuhama kutoka mkono huu kwenda mkono ule. Lakini tofauti yake na Rosa ni kwamba Maimuna anapata Kabi, mtu anayeyajua yaliyompata na bado anamtaka. Hapo ndipo panapopita mpaka baina ya riwaya mbili hizi. Rosa amekaguliwa, Maimuna ametambuliwa. Mmoja anakufa, mwingine anapata maisha. Si haki hata kidogo kwamba uhai wa binti utegemee bahati ya kukutana na mtu kama huyo, na wala sisemi kwamba lazima mtu huyo awe mume. Angeweza kuwa shangazi, jirani, au mwalimu mwenye kalamu. Lakini kwamba lazima awepo mtu, hilo riwaya zote mbili zinaafikiana.

Tukirudi nyuma zaidi, katika hazina yetu ya tenzi, tunamkuta Mwana Kupona, ambaye mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake wasia ambao mpaka leo unasomwa na kubishaniwa. Mama anamtaka binti alete karatasi na wino, akae karibu, asikilize. Ni utungo wa mapenzi makubwa, na anayeudharau hajui uzito wa mama anayejua kwamba anaondoka. Hata hivyo, katika beti zote zile, binti hasemi. Kalamu anayo yeye, na maneno ni ya mwingine. Sijui kama pana picha inayotufaa zaidi ya hiyo katika mjadala huu. Kwa muda mrefu mabinti zetu wameandika kwa imla. Binti wa Kahama aliandika sentensi chache ambazo hazikuwa za imla, na mimi nikaziwekea wino mwekundu.

Sasa nisikilize hoja ya upande wa pili, kwa kuwa si hoja dhaifu, na aliyenilea mimi angeitetea. Itasemwa hivi: ukifungua mlango wa kila nyumba, utaponya nini? Aibu ikitoka haitoki peke yake. Inatoka na mama aliyevumilia, na wadogo ambao hawajaposwa, na bibi ambaye hakuwa na kosa. Binti anayesema anajiponya yeye na kuwaumiza watano. Na tena, wasikilizaji ni akina nani? Wengi wanataka kisa tu. Leo watamwonea huruma, kesho watamnyooshea kidole. Mungu mwenyewe ni Mwenye kusitiri. Sisi ni nani hata tufunue?

Naikubali sehemu kubwa ya hoja hii. Ni kweli kwamba kusema si dawa kwa kila hali, na kwamba wako wanaowachokoa wenye majeraha kwa sababu ya kupenda habari. Ni kweli pia kwamba binti ana haki ya kunyamaza. Siri iliyo yake ni yake, na hakuna anayeweza kumlazimisha aitoe ili sisi tufurahie ukweli. Lakini tazama hoja inapoficha mguu wake. Inasema "aibu ya nyumba", kana kwamba aibu ni kama paa, linalowafunika wote sawasawa. Aibu ina mwenyewe. Aliyepiga ndiye mwenye aibu, na aliyepigwa ana maumivu. Na dhulma kubwa kuliko kipigo ni kule kumfanya aliyepigwa aibebe aibu ya mpigaji, tena aibebe kimya, tena aambiwe kwamba kuibeba kwake ndiko heshima. Sitara ni vazi la aliyebaki uchi. Mwenye kudhulumu hakubaki uchi, yeye amevaa. Ukimwongezea nguo ya yule aliyemvua, hujasitiri mtu yeyote. Wahenga hao hao waliotufundisha habari ya mtungi na kata walituachia na nyingine, kwamba mficha uchi hazai, wala hatuna ruhusa ya kuikumbuka ile na kuisahau hii.

Na hapa ndipo ninapoona kazi ya hadithi, na kwa nini watu wa nchi ya mafumbo, kama sisi, hatupaswi kuiogopa. Baina ya kunyamaza kabisa na kufunua kila kitu, wazee wetu walijenga njia ya tatu. Mwanamke aliyedhulumiwa huvaa kanga yenye jina, na mtaa mzima husoma. Malenga hutunga shairi la ndege aliyevunjwa bawa, na anayehusika hukosa usingizi. Fumbo limevaa nguo, lakini linatembea. Hadithi nayo ni fumbo refu. Rosa Mistika hakuwahi kuishi, na kwa sababu hiyo kila msichana anaweza kulichukua jina lake na kulivaa kwa saa moja, akasema ndani yake yale ambayo kwa jina lake mwenyewe yasingetoka. Hivyo ndivyo alivyofanya mwanafunzi wangu. Aliuona upenyo ambao Kezilahabi aliuacha, akaupitia, akafika mpaka mezani kwangu akiwa amesitirika kikamilifu: hakumtaja baba yake, hakumtaja mama yake, hakuvunja heshima ya mtu yeyote. Alifanya yote ambayo mila na adabu zinamtaka binti ayafanye. Kilichokosekana ni mwerevu wa kulifumbua. Tunasema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Siku ile mjinga alikuwa na shahada na kalamu nyekundu.

Kwa hiyo nasema, hadithi inaweza kumpa binti vazi la kusemea, lakini haiwezi kumpa masikio ya kumsikia. Hayo lazima yatoke kwetu. Wanaosema kwamba fasihi inaponya wanaipa mzigo usiokuwa wake, nao wanajivua wajibu wao kwa upole. Riwaya haijamzuia baba yeyote kupokea ng'ombe. Inachoweza ni kumtayarisha msomaji, ili siku fumbo litakapoletwa mezani kwake kwa mikono miwili asilitazame kama kosa la kutojibu swali.

Na msamaha je? Katika riwaya ya Kezilahabi, Mungu mwenyewe anawasikiliza Zakaria na Rosa wakilaumiana. Zamani nilidhani mwandishi alitaka tuamue nani ashinde. Sasa naona kwamba msiba wa pale ni kuchelewa. Yale ambayo baba na binti wanaambiana baada ya kufa yalipaswa kusemwa Namagondo, jikoni, wakiwa hai. Binti aliyejitambua anaweza kusamehe na anaweza kukataa, na sidhani kwamba mtu wa nje ana haki ya kumpangia. Lakini asiyejitambua hawezi kufanya lolote kati ya hayo mawili. Anachokiita msamaha ni uchovu, na anachokiita chuki ni woga. Wanaowahimiza mabinti wasamehe haraka, kabla ya kueleza kilichotokea, wanawaomba watie sahihi hati wasiyoisoma.

Miji hubadilika. Mgodi wa Buzwagi, karibu kabisa na mji wa Kahama, ulifunguliwa mwaka 2009 na shughuli zake zikafika mwisho mwaka 2021; Kahama imekuwa manispaa; mwezi wa Novemba mwaka huohuo wa 2021 serikali ilitangaza kwamba wasichana waliokatishwa masomo kwa sababu ya mimba wataruhusiwa kurudi skuli za serikali, baada ya miaka ya kukatazwa. *Rosa Mistika* nayo, iliyowahi kuzuiliwa kwa kukosa haya, imekuwa kitabu kinachoheshimiwa. Wanafunzi wangu wa wakati ule sasa ni watu wazima, wengine wana mabinti wa umri uleule. Huenda mmoja wao anaketi karibu na dirisha.

Lau daftari lile lingerudi mikononi mwangu leo, nisingeuliza kama hayo yamo kitabuni. Ningesubiri wengine watoke, ningevuta kiti, ningemwuliza kwa sauti ya kawaida, isiyo ya chini: ng'ombe ni wangapi, na wanakuja lini?